Acheni kuwadanganya vijana kwamba waliochora magari ya mashindano hawakusoma!

Wakubwa, leo nina hasira na sitaificha.

Mdogo wangu ameacha politekniki akiwa mwaka wa pili. Hakukosa minervali, yaani karo, hakufeli. Ameacha kwa sababu patroni mmoja wa garaji, hapa Lubumbashi, Kongo, katika komini (wilaya ya mji) iitwayo Kenya, alikuwa akimwimbia kila siku: "Shule ya nini? Wakubwa wa Formula 1 hawana digrii. Mkono ndio shule."

Mtoto akaamini. Akakaa pale miezi mitatu akiunda kigari cha mashindano, bomba za mraba, injini ya pikipiki nyuma. Siku ya kukijaribu, kona ya kwanza tu, gurudumu la mbele kushoto likang'oka na kipande cha fremu. Kigari kikapinduka, dogo akavunjika mkono.

Mimi ni mchomeleaji, mwaka wa kumi na mbili huu. Fremu ile nimeigeuza-geuza mikononi mwangu. Ulehemu ni msafi, umelala kama magamba ya samaki. Bomba limekatika pembeni yake, pale moto ulipokilegeza chuma. Na sehemu yote ya mbele ni miraba mitupu, hakuna hata bomba moja la mshazari! Funga vijiti vinne viwe mraba, sukuma kona moja: unalala. Funga vitatu: hausogei. Hilo linafundishwa mwanzoni kabisa. Dogo alikuwa hajalishika vizuri, na patroni aliyesimama pale kila asubuhi hakuliona.

Sasa hao wakubwa wa Formula 1 anaowataja. Colin Chapman, aliyeanzisha timu ya Lotus, alisomea uhandisi wa miundo London. Ni kweli aliondoka 1948 bila digrii, hesabu zilimshinda. Mbona hamsemi kwamba alirudia mtihani ule na akaipata mwaka uliofuata? Magari yake ya miaka ya hamsini yalikuwa fremu za bomba nyembamba zilizofungwa pembetatu-pembetatu. Kukosa hizo pembetatu ndiko kulikomvunja mdogo wangu.

John Barnard, aliyechora magari ya timu ya McLaren, hana digrii ya chuo kikuu, sawa. Ana diploma ya ufundi, na alikaa kwenye meza ya kuchorea miaka mingi. Alipotaka gari la McLaren la 1981 liwe na mwili wa nyuzi za kaboni, hakubahatisha: kazi ilipelekwa Marekani, kwa kampuni iliyoijua kaboni. Mwaka huo huo, pale Monza, gari hilo, likiendeshwa na John Watson, lilikatika vipande viwili. Watson akatoka akitembea. Mdogo wangu alitolewa amebebwa.

Rory Byrne, ambaye Ferrari alizozichora zilimpa dereva Schumacher mataji matano mfululizo, 2000 mpaka 2004, ni mkemia. Lakini ukemia aliusomea chuo kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini! Gordon Murray, mchoraji wa magari ya Brabham, mtoto wa Durban huko huko Afrika Kusini, alisoma umekanika chuo cha ufundi cha Natal huku akijijengea gari lake mwenyewe. Hawa ni watu wa bara letu, walikuwa na kalamu mkono mmoja na spana mkono wa pili. Na Adrian Newey, mchoraji wa magari mengi ya ubingwa, mnayempenda kwa sababu anachora kwa penseli mpaka leo? Penseli ile imeshikwa na mtu aliyemaliza elimu ya vyombo vya anga chuo kikuu cha Southampton 1980, na kazi yake ya mwisho pale ilihusu jinsi hewa inavyolivuta gari chini.

Yupo John Cooper, aliyeacha shule na miaka 15, magari ya timu yake yakashinda ubingwa wa 1959 na 1960 kwa injini iliyokaa nyuma ya dereva. Huyo nawapa. Lakini hata yeye alifundishwa kutengeneza zana kiwandani, chini ya mafundi.

Najua politekniki zetu zina vijana wanaomaliza bila kushika mashine ya kuchomelea. Linaniuma sana. Dawa yake ni kuwapa atelie, yaani karakana, na chuma, si kuwatoa darasani wakafanye kazi ya bure kwa mtu.

Maana ilikuwa ya bure. Miezi mitatu, na hospitali patroni hajatoa hata franki moja. Amenitumia ujumbe: "Yaya, ajali ni sehemu ya kazi." Kwetu yaya ni ndugu mkubwa. Usiniite yaya!

Masomo yakianza dogo anarudi. Fremu iko uani kwangu, sijaikata. Plasta ikitoka atachora mwenyewe mishazari ipite wapi, aniandikie na hesabu zake pembeni. Ndipo nitawasha mashine.