Naomba ushauri: siku za maoni zinaisha Ijumaa, pingamizi lisilo na jina litapokelewa?

Kandokando
Wakuu, habari za muda huu. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba tusaidiane kabla muda haujaniishia.

Kiwanda cha ngozi kimeomba kibali cha kutiririsha majitaka mtoni. Tangazo lilitoka, siku 30 za kupokea maoni, mwisho ni Ijumaa hii saa kumi jioni. Mkutano wa hadhara ni Jumatano inayofuata. Ripoti yao nimeisoma yote na hesabu za maji ya mto hazijakaa vizuri.

Nauliza mawili tu. Barua isiyo na jina itapokelewa? Na je, si bora ninyamaze sasa, halafu nikalipue mkutanoni mbele za watu? Barua nimeshaiandaa, watu 60 wako tayari kuinakili na kusaini, kwa hiyo idadi si tatizo. Wenye ujuzi tu tafadhali.

Pilipili_Kichaa
Kabla hatujafika mbali: mkutanoni kuna posho?

Masijala
Mkuu, usisubiri mkutano. Angalia tarehe zako mwenyewe: maandishi yanafungwa Ijumaa, mkutano Jumatano. Kama tangazo halisemi waziwazi kwamba yatakayosemwa ukumbini yataingia kwenye jalada la maombi, utalipua na moshi utaondoka na upepo. Anayeandika uamuzi mara nyingi hakuwepo ukumbini. Anafungua jalada na kusoma kilichomo. Na katibu wa mkutano huwa anaandika "wananchi walionyesha wasiwasi kuhusu maji", basi, dakika zako tano zimekwisha hivyo. Ukienda kuongea, nenda na maneno yako yamechapwa, umkabidhi katibu kabla hujakaa.

Barua isiyo na jina ofisi nyingi zitaipokea, ila haina mwenyewe. Siku ya rufaa utaulizwa, wewe ulitoa maoni lini? Marekani, kwa mfano, kanuni za vibali vya mazingira zinataka hoja zote zinazoweza kufahamika ziibuliwe kabla dirisha la maoni halijafungwa. Hoja uliyoiweka mfukoni haifufuki kwenye rufaa.

Hizo barua 60 ndizo zinanitia shaka zaidi. Afisa anapanga maoni kwa hoja, hahesabu vichwa. Barua 60 za maneno yaleyale zitakuwa mstari mmoja kwenye jedwali lake. Afadhali barua sita, kila moja na jambo lake: mmoja aandike anachota maji wapi na miezi gani, mwingine aandike juu ya chumvi, mwingine harufu, mwingine nani atapima na kila baada ya muda gani.

Mwananchi_Halisi
Mnapoteza muda. Hivi vikao ni geresha. Wameshaamua, wanatafuta picha za watu wamekaa kwenye viti. Kinachotakiwa ni watu kuwa na uadilifu, siyo barua.

Bahari_Kuu
Geresha ipo, lakini geresha nayo huangusha kibali. Mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050, ulipata leseni ya mazingira mwaka 2016. Juni 2019 baraza linalosikiliza rufaa za mazingira nchini Kenya likaifuta. Vikao vilifanyika, na picha zilikuwepo. Tatizo ni kwamba wananchi walielezwa mradi juu juu kabla ripoti ya tathmini haijakamilika, na ripoti yenyewe haikurudishwa kwao waijadili. Mkataba wa Aarhus wa 1998 unalisema hilo moja kwa moja: umma ushirikishwe mapema, wakati njia zote bado ziko wazi.

Kwa hiyo mleta uzi, swali la maana ni lini watu walipewa nini. Mkutano wako wa Jumatano, watu watakuwa wameisoma ripoti?

Hesabu_Mto
Tuache Lamu kwanza. "Hazijakaa vizuri" siyo hoja. Toa namba.

Kandokando
Ukurasa wa 84 wanasema mto unapitisha lita 400 kwa sekunde, na kwamba majitaka yao yatapotea humo. Lakini jedwali la kiambatisho cha 7 linaonyesha kiangazi mto unashuka hadi lita 20. Wao watamwaga mita za ujazo 600 kwa siku, uchafu wa BOD (kipimo cha oksijeni ambayo uchafu unaooza huila majini) miligramu 50 kwa lita.

Hesabu_Mto
Sasa umesema kitu. Fanya hivi, na uiweke kwenye barua hatua kwa hatua ili afisa aweze kuirudia mwenyewe kwa kikokotoo.

Lita 400 kwa sekunde ni mita za ujazo 34,560 kwa siku. Tuseme maji ya mto juu ya kiwanda yana BOD ya 2. Chukua 600 mara 50, ongeza 34,560 mara 2, gawa kwa jumla ya maji, 35,160. Unapata kama 2.8. Mto haujastuka. Rudia kwa lita 20, yaani mita za ujazo 1,728 kwa siku: 600 mara 50, ongeza 1,728 mara 2, gawa kwa 2,328. Unapata 14.4. Uchafu umepanda mara saba, na kiwanda ni kilekile, bomba ni lilelile. Wastani wa mwaka unabeba mafuriko ndani yake, samaki hawaishi kwenye wastani.

Usiishie kulalamika, omba masharti. Kikomo kiwe kwa kilo kwa siku pia, siyo miligramu kwa lita peke yake, maana mtu akichanganya maji safi kabla ya bomba miligramu zinashuka na uchafu uko palepale. Sampuli iwe ya saa 24 iliyokusanywa kwa uwiano wa mtiririko. Ya kuchota mara moja asubuhi inachotwa saa ambayo mapipa hayajafunguliwa. Mto ukishuka chini ya kiwango fulani wasimwage kabisa, wahifadhi. Siku 90 za kiangazi kwa 600 ni mita za ujazo 54,000. Waonyeshe bwawa la kuchukua kiasi hicho liko wapi kwenye ramani. Hapo ndipo utaona kama walifikiria.

Na majitaka ya ngozi yana kromiamu, kemikali ya kutengenezea ngozi, na chumvi. Kromiamu unaweza kuitenganisha ikiwa maji yake yanashikwa peke yake kabla ya kuchanganywa na mengine. Chumvi haiondoki kwenye mabwawa ya kuozesha, inapita kama ilivyoingia. Angalia kama ripoti imeigusa.

Pilipili_Kichaa
Mimi nilikuja kwa ajili ya posho, sasa nimepewa mtihani wa hesabu.

Dada_Sheria
Kuna kitu mnakiruka. Mleta uzi ana hoja, ana kurasa, ana namba. Kwa nini anaogopa jina lake? Funguka mkuu. Ushauri unategemea hilo.

Kandokando
Ni sababu za kifamilia tu. Haziathiri hoja.

Dada_Sheria
Zinaathiri. Unafanya kazi kiwandani? Mamlaka? Una ardhi hapo?

Kandokando
Sawa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ushauri itakayotoa pendekezo kuhusu kibali hichohicho. Lakini kabla hamjanirukia: mjumbe naye ni raia, na hakuna mahali pameandikwa asitoe maoni kama raia. Ndiyo maana nimekubaliana na shemeji yangu abebe jina. Barua ni yangu, sahihi yake. Sioni kosa.

Dada_Sheria
Mkuu!

Shemeji yako ataitwa mbele aeleze ukurasa wa 84, atajibu nini?

Na hilo ni dogo. Mjumbe anatakiwa aingie kikaoni akiwa bado anasikiliza. Ukiwa umeandika pingamizi kwa siri halafu ukakaa kupiga kura juu ya jambo hilohilo, umeamua kabla ya kusikia. Kibali kikikataliwa, wakili wa kiwanda akaja kugundua, hana haja ya kubishana kuhusu mto hata kidogo. Anasema uamuzi ulitiwa doa na mjumbe fulani, unafutwa, wanaanza upya bila hoja zako. Barua yako ya siri ndiyo itakayowaokoa.

Chagua kiti kimoja. Ukibaki mjumbe, hoja zako ziseme ndani ya kikao, zinukuliwe kwenye muhtasari. Ukitaka kupinga, mwandikie mwenyekiti unajitoa kwenye ajenda hiyo, kabla ya kikao, na siku ya kikao toka nje ya chumba mjadala unapoanza, muhtasari uonyeshe umetoka. Kukaa kimya kwenye kona siyo kujitoa.

Bado hujajibu kuhusu ardhi.

Kandokando
Nina shamba, nachota maji ya kumwagilia chini kidogo ya pale bomba litakapotokea. Lakini hata wajumbe wengine wana mambo yao.

Dada_Sheria
Basi hakuna mjadala tena, hayo ni maslahi ya moja kwa moja. Tangaza na ujitoe. Uzuri ni kwamba shamba hilohilo linakupa haki ya kusimama kama mwathirika kwa jina lako mwenyewe. Umekuwa unaficha karata yako nzuri.

Masijala
Kamati imeshakaa mara ngapi?

Kandokando
Mara moja. Muhtasari tuliusaini. Kuna mstari unasema "wajumbe waliridhika na takwimu za mto". Nilisaini kwa sababu niliambiwa ni mahudhurio tu.

Masijala
Hicho ndicho kitabandikwa nyuma ya pendekezo. Muhtasari wa kikao cha kwanza huthibitishwa kikao cha pili, kabla ya yatokanayo. Kwenye barua ya kujitoa weka aya moja: mstari ule hauelezi msimamo wako, unaomba urekebishwe wakati wa kuthibitisha. Na siku nyingine ukisaini karatasi ya mahudhurio andika pembeni ya jina, "nimehudhuria tu". Maneno mawili. Yanaharibu kabisa mchezo wa kugeuza mahudhurio kuwa ridhaa.

Ngumi_Jiwe
Jamani, hii ni chai. Tena ya rangi.

Tazameni. Mtu anajua jedwali la kiambatisho cha 7 kwa kichwa, hataji nchi, hataji mto, kila akibanwa anatoa kipande kingine. Na anauliza nini? Anauliza wapingaji wana hoja gani. Huyu ni mtaalamu mshauri wa kiwanda, anapima upepo ili azibe mashimo kabla ya Ijumaa. Hesabu_Mto kamfanyia kazi bure.

Hesabu_Mto
Hata ikiwa hivyo sijutii. Akiziba shimo la lita 20 atalazimika kuchora bwawa la mita za ujazo 54,000, na mabadiliko makubwa hivyo yanapaswa kutangazwa upya. Saa inaanza kuhesabu tena.

Mwananchi_Halisi
Nilisema mapema. Uadilifu.

Ngumi_Jiwe
Ajibu moja tu. Nyaraka za umma mara nyingi ni ripoti kuu na viambatisho vichache. Cha 7 kakitoa wapi?

Kandokando
Kwenye bahasha ya wajumbe. Nakala yetu ina viambatisho 9. Sikuwahi kuangalia ya umma, nilidhani ni sawa. Subirini.

Kandokando
Nimetoka ofisini kwao sasa hivi. Nakala iliyowekwa mezani kwa wananchi inaishia kiambatisho cha 5.

Bahari_Kuu
Ngumi_Jiwe, umemtafuta mwongo ukapata pingamizi.

Dada_Sheria
Kandokando, hilo lipande juu kabisa ya barua. Jedwali pekee linaloonyesha mto wa kiangazi halikuwekwa mbele ya watu walioitwa kutoa maoni juu ya mto. Usinakili kiambatisho kutoka kwenye bahasha ya kamati, wala usimpe jirani, usijiongezee kosa. Taja kwamba ukurasa wa yaliyomo wa nakala ya umma unaorodhesha viambatisho ambavyo havimo. Unaorodhesha?

Kandokando
Ndiyo, vyote 9 vimeorodheshwa.

Dada_Sheria
Safi, hapo huhitaji siri ya kamati yoyote. Mtu yeyote akifungua nakala ile anaona pengo. Omba vitu viwili: viambatisho vya 6 hadi 9 viwekwe hadharani, na siku za maoni zianze kuhesabiwa upya kuanzia siku hiyo, mkutano wa Jumatano usogezwe. Andika pia kwamba ombi hili halifuti hoja zako nyingine, ili wakikataa kusogeza usije ukabaki mikono mitupu. Kwenye kamati za ushauri za serikali ya Marekani, sheria ya 1972 inataka nyaraka walizopewa wajumbe zipatikane kwa umma pia, ukiondoa zile ambazo sheria inaruhusu kufichwa. Hoja ya msingi ni hiyohiyo hata kama sheria yenu imeandikwa kwa maneno mengine.

Masijala
Piga picha ukurasa wa yaliyomo na ukurasa wa mwisho wa nakala hiyo, tarehe ionekane. Barua mbili tofauti: ya kujitoa kwa mwenyekiti wa kamati, ya pingamizi kwa mamlaka, na ya kujitoa itangulie. Kila moja nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili inarudi kwako na muhuri wa kupokelewa. Kila ukurasa uwe na namba, "1 kati ya 6", maana kurasa hupotea na hakuna atakayekuambia. Uliza namba ya jalada, uiandike juu ya nakala yako palepale.

Pilipili_Kichaa
Na shemeji?

Kandokando
Shemeji ataandika ya harufu, kwa jina lake na maneno yake. Zile barua 60 nimezisimamisha, ingawa bado naona idadi ina uzito.

Kandokando
Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini. Barua ya kujitoa ilipokelewa jana. Ya pingamizi nimeiwasilisha sasa hivi, nimepata muhuri. Asanteni sana wakuu.

Masijala
Muhuri unasomeka tarehe ngapi?

Kandokando
Ya Jumatatu. Mpokezi amesema walishausogeza kwa ajili ya wiki ijayo, hakuna shida.

Masijala
Rudi. Akate kwa kalamu, aandike tarehe ya leo na saa, aweke sahihi fupi pembeni. Nakala zote mbili, pamoja na ile yao. Una dakika ishirini.

Kandokando
Nimegeuza.