Shule inataka kuwapima watoto korona mara mbili kwa wiki hata kama hawaumwi, nisaini au nikatae?

MamaWawili

Habari zenu wadau. Mwanangu wa darasa la nne jana kaja na fomu ya ridhaa, shule inaanza kuwapima watoto wote korona kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, vile vipimo vya haraka vya kijiti cha pamba puani. Fomu iko mezani mpaka sa hivi sijasaini. Kinachonisumbua ni kwamba mtoto hana homa, hakohoi, anakula vizuri, sasa wanampima nini? Na akikutwa nayo mmoja darasa zima linarudishwa nyumbani? Maana shule zilivyofungwa 2020 mwanangu aliumia sana, kabla ya hapo alikuwa anasoma ukurasa mzima bila kusimama, zilipofunguliwa nikamkuta anafuata neno moja moja na kidole. Sitaki yajirudie kwa kweli. Afu mwenyewe anaogopa, kuna mwenzake kamwambia kijiti kinafika kwenye ubongo, jana usiku kaniuliza hilo swali mara tatu. Na nimeskia vipimo vyenyewe vinakosea. Mwenye uzoefu anisaidie kabla ya Jumatatu.

Darubini

Dada mi niko maabara, hizi sampuli ndo kazi yangu ya kila siku, ngoja nikueleze ninavyojua.

Wanapima wasioumwa kwa sababu hawa ndo wanaosambaza bila mtu kujua. Mtu anaweza kuambukiza wengine siku mbili hivi kabla hajaanza hata kukohoa, na watoto wengi hawaonyeshi dalili yoyote mwanzo mpaka mwisho. Ukisubiri homa umeshachelewa, kashacheza na wenzake wiki nzima.

Kuhusu kukosea, ni kweli vinakosea ila inabidi uelewe vinakosea vipi. Kipimo cha haraka kinatafuta protini ya kirusi, kwa hiyo kinaonyesha vizuri mtu akiwa na virusi vingi, na huyo ndo anayeambukiza zaidi. Akiwa na virusi kidogo, labda ndo maambukizi yanaanza au yanaisha, kinaweza kumpita. PCR, kile kipimo cha maabara, chenyewe kinazidisha vinasaba vya kirusi hivyo kinakamata hata kidogo sana, lakini majibu mpaka yatoke maabara ni siku moja au mbili, na kinaweza kuendelea kusema unayo wiki kadhaa baada ya kupona wakati humwambukizi mtu yeyote. Ndo maana shuleni mara mbili kwa wiki ni muhimu kuliko ukali wa kipimo chenyewe, aliyepita Jumatatu na virusi kidogo, Alhamisi vimeshaongezeka anakamatwa. Shule ikikwambia itapima mara moja kwa mwezi hapo kweli kataa, hiyo haisaidii kitu.

Upande wa pili wa kukosea ndo wazazi hawaambiwi. Chukua shule ya watoto 1,000, tuseme 5 wana virusi kweli. Kipimo kikamate 3 kati ya hao 5. Tuseme pia kinamsingizia mmoja katika kila 500 wasio na kitu, hao ni kama 2. Kwa hiyo umepata majibu 5 ya anayo na 2 kati ya hayo ni ya uongo. Kipimo si kibovu hapo, ni kwamba wenye ugonjwa ni wachache sana. Uliza shule swali moja tu, mtoto akikutwa nayo mnampima PCR kuthibitisha au mnaishia hapo hapo?

Na mwambie mtoto kijiti hakifiki kwenye ubongo. Kile kirefu cha kwenda nyuma kabisa ya pua ni kingine, hiki cha shuleni kwa kawaida kinaingia sentimita 2 hivi, kinazungushwa mara chache kila tundu basi. Kinatekenya, wengi wanapiga chafya.

TichaWaTano

Mama pole na hongera kwa kuuliza kabla ya kusaini. Mimi nafundisha darasa la tano na shuleni kwetu tunapima muhula wa pili sasa.

Inavyokuwa ni hivi, wanakaa kila mtu kwenye dawati lake madirisha wazi, wanapenga makamasi kwanza, wananawa mikono, afu kila mtoto anajipima MWENYEWE mimi nasimama mbele naonyesha kwa mikono. Hilo ndo lililoondoa uoga. Wiki ya kwanza nilikuwa na binti alikuwa anatetemeka kabisa anabana pua na vidole viwili, nikampa kijiti akishike tu, kesho yake akajigusa nacho shavuni, wiki iliyofuata akaingiza mwenyewe. Matone yakishawekwa tunasubiri dakika 15 na huo muda nawasomea hadithi. Kwenye kipimo kuna herufi C na T, mstari mmoja kwenye C maana yake kipimo kimefanya kazi na hakijaona kitu, ukitokea na wa T hata kama umefifia ndo anayo. Pasipotokea C kabisa kinatupwa unarudia.

Kosa tulilofanya mwanzoni ni kuacha vipimo juu ya dawati kila mtu anaona cha mwenzake. Kijana mmoja ulipotokea mstari wa pili darasa zima lilisogeza viti. Ile sauti ya viti mpaka leo ninaiskia. Sasa hivi kila kipimo kinafunikwa kwa karatasi, mimi ndo napita kuangalia na mwenye mstari wa pili namwita nje kama vile ni kwa jambo lingine kama kawaida. Waulize shule yako hili kabla ya kitu kingine chochote.

BabaJ

Alichosema mwalimu naunga mkono, mwanangu naye alikuwa upande wa huyo aliyesogezewa viti. Alikutwa nayo asubuhi, akawekwa peke yake koridoni karibu masaa matatu, sikupigiwa simu mpaka mchana, PCR ikatoka kesho yake HANA. Aliporudi watoto walikataa kukaa naye. Sijawahi kupinga upimaji na bado nasaini kila muhula, ila yale masaa matatu sijayasahau. Hakikisha namba yako ya simu wanayo na kuna mtu mzima anakaa na mtoto akisubiri.

Mdau_77

Mi nilikataa. Sampuli za mtoto wangu zinaenda wapi, zinahifadhiwa na nani?

Darubini

Mdau ni swali la halali. Kipimo cha haraka hakiendi popote, kinasomwa pale pale kinatupwa na kijiti chake. Cha kuulizia ni lile daftari la majibu, nani analiona na linakaa muda gani. PCR ndo inaenda maabara.

Kuna njia nyingine pia kwa wadogo. Jimbo la North Rhine-Westphalia Ujerumani, kuanzia Mei 2021 watoto wa msingi walikuwa wananyonya kijiti sekunde 30 kama pipi, vijiti vya darasa zima vinawekwa pamoja vinapimwa PCR moja. Ikitoka safi darasa lote limesalimika kwa kipimo kimoja, ikitoka na virusi ndo anapimwa mmoja mmoja. Wazo la kuchanganya sampuli ni la zamani, Robert Dorfman aliliandika 1943 kwa ajili ya kupima kaswende kwa vijana walioitwa jeshini Marekani.

Na mama kuhusu darasa kurudishwa nyumbani, Uingereza walilijaribu hili 2021 kwenye shule na vyuo 201. Kundi moja waliokaa karibu na mgonjwa walijitenga siku 10 kama kawaida, kundi lingine waliendelea kuja shule wakipimwa kila siku kwa siku 7. Maambukizi hayakutofautiana kwa maana. Kwa hiyo darasa zima kurudi nyumbani si lazima.

MamaWawili

Asanteni sana jamani, nimeandika maswali matatu nyuma ya fomu: PCR ya kuthibitisha, nani anakaa na mtoto, na majibu yanafunikwa vipi. Nimemwonyesha mwanangu urefu wa sentimita 2 kwenye rula akasema "hiyo tu?" Bado moja mwalimu, tunaishi na mama yangu mzee kifua kinamsumbua. Mtoto akitoka hana Jumatatu naweza kumruhusu alale na bibi yake kama zamani?

TichaWaTano

Hapana mama, majibu ya asubuhi ni ya asubuhi ile. Jioni akiwa na bibi dirisha liwe wazi na barakoa, kulala kila mtu kitanda chake kwanza. Na bibi kama hajachanjwa anzeni na hilo wiki hii hii.