Dizeli imeishiwa nguvu mlima Kitonga, fundi anasema tabo imekufa, nisaidieni kabla sijatoa hela

Mkulima wa Ilula:
Wakuu habari zenu. Nina D-Max 3.0, injini 4JJ1, nashusha nayo nyanya Dar, kurudi napandisha mbolea. Sasa wiki ya pili hii Kitonga inanishinda kabisa, zamani napanda na namba tatu vizuri tu, siku hizi namba mbili, nakanyaga mafuta mpaka chini na bado malori yananiganda nyuma. Moshi mweusi unatoka mwingi, halafu nikikanyaga kuna sauti fyuuu kama tairi linalovuja upepo, nikiachia inaisha. Bila mzigo kwenye tambarare linakwenda ila zito. Taa ya injini imewaka, wa kompyuta kasoma P0299, fundi akasema hiyo ni tabo imekufa, ile inayosukuma hewa kwenye injini, nitafute milioni moja na laki nane ya tabo used. Hiyo hela ni mbolea ya msimu mzima jamani. Nitoe au nisubiri?

Dereva wa Mbeya:
Pole sana ndugu. Badilisha chujio la dizeli kwanza, langu lilikuwa hivyo hivyo, mlimani halivuti kabisa.

Fundi Dizeli:
Mkuu wa Mbeya, lako lilikuwa linatoa moshi mweusi? Chujio likiziba dizeli haifiki ya kutosha, gari linakosa nguvu lakini moshi mweusi mwingi huwezi kuuona. Moshi mweusi maana yake mafuta yapo, hewa ndo imepungua. Tuangalie upande wa hewa.

Mkulima, usitoe hiyo hela. P0299 inasema tu presha ya hewa haijafika pale kompyuta inapotaka, haijasema nani kaila. Tabo inaweza kuwa nzima kabisa inasukuma, hewa inatokea njiani kwenye hosi iliyopasuka au klipu iliyolegea. Na sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia, ipo kule mwanzoni karibu na eya klina, hewa imeshahesabiwa pale, kompyuta inatoa mafuta ya hewa yote kumbe nusu imemwagika nje, ndo huo moshi. Hiyo fyuuu yako inanipa wasiwasi huo huo. Swali, kabla ya tatizo kuna kazi yoyote ilifanyika kule mbele?

Mkulima wa Ilula:
Ndiyo fundi, redieta ilitolewa ikazibuliwa, mwezi umepita. Sikuwaza kama vinahusiana.

Fundi Dizeli:
Vinahusiana sana. Intakula, ile inayopoza hewa inayotoka kwenye tabo, kwa gari lako ipo mbele pale pale na redieta, mara nyingi mtu akiitoa redieta anazigusa hosi zake. Fanya hivi, injini ikiwa imepoa fuatisha hosi kutoka kwenye tabo mpaka intakula na kutoka intakula mpaka kwenye injini, pitisha mkono CHINI ya hosi maana mpasuko unapenda kukaa upande usioonekana, ukikuta sehemu ina oili na vumbi limegandia hapo ndo panapovuja. Minya hosi pia, ikiwa laini kama chapati basi ikipata presha inavimba, gari likiwa sailensi, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, huoni kitu. Usipoona, mafundi wazibe mdomo wa kuingilia tabo wajaze upepo kidogo, isizidi bar moja, wapake maji ya sabuni. Kompresa ya tairi bila regyuleta hapana, hosi ikichomoka inaumiza mtu.

Tabo nayo ichekiwe, ni dakika tano tu. Injini ikiwa imezimwa, chomoa hosi ya kuingilia tabo, shika shafti yake, kuchezacheza kidogo sana kwa pembeni ni kawaida, kuingia na kutoka hapana, na mabawa yasiwe yamekwangua nyumba yake. Halafu mwenzio awashe gari wewe uangalie kile kifimbo cha aktueta, kidude kinachorekebisha tabo, kinatakiwa kijivute, ukizima kirudi. Kisipojivuta fuatilia mipira myembamba ya vakyumu inayokivuta, ikikauka inapasuka, na bei yake ni ndogo mno.

Dada wa Gerezani:
Naongezea. Vali ya EGR ikikwama wazi inarudisha moshi ndani ya injini, dalili ni hizo hizo isipokuwa fyuuu. Na MAF isafishwe kwa spreyi yake, isiguswe kwa kidole. Ila NAOMBA mtu asikushauri umwage petroli kwenye intake injini ikiwa inaunguruma eti kuyeyusha masizi, dizeli inachoma chochote kinachowaka kinachoingia na hewa, inaweza kupanda mizunguko yenyewe na ukizima ufunguo haizimi. Masizi yanatolewa manifodi, bomba la kugawa hewa kwenye injini, ikiwa imefunguliwa, ikirudi na gasketi mpya.

Mkulima wa Ilula:
Wakuu nimerudi. Tabo nzima! Shafti haichezi, kifimbo kinajivuta. Hosi ya chini ya intakula imepasuka upande wa chini karibu na klipu, kama urefu wa kidole, na klipu yenyewe ilifungwa imekaa upande, imeikata. Hosi na klipu mbili elfu 95 basi. Wa kompyuta alipima njiani, mwanzo presha ilikuwa inaishia kPa 120 nikikanyaga, sasa inapita 200. Jana nimepanda Kitonga na mifuko 20 ya mbolea, namba tatu, moshi hamna. Nimeshukuru mpaka mke wangu kanishangaa. Swali moja tu, ndani ya hosi ya zamani kulikuwa na oili, ni shida?

Fundi Dizeli:
Hongera sana. Ikiwa ni utando tu unaochafua kidole ni kawaida, ni mvuke wa oili ya injini unaopitia hapo. Ikiwa ilikuwa inachuruzika ukiinamisha hosi, hiyo sio kawaida. Pima oili kwa stiki leo, weka alama, pima tena ukirudi kutoka Dar, ulete jibu hapa.