Desktop inakwaruza ikiwashwa, baadaye "tak, tak" na kuganda. Nianzie wapi?

Mleta mada: Wakuu, naombeni msaada. Mashine ni Core i5 kizazi cha tatu, RAM GB 8, diski (hard disk) ya inchi 3.5, GB 500, Windows 10. Asubuhi nikiwasha inakwaruza kama dakika mbili, ikipata moto inanyamaza. Kelele ya pili haina saa: tak... tak... tak, mshale unaganda, taa ya diski inawaka mfululizo, kisha kazi inaendelea. Fundi kasema nibadilishe pawa saplai (boksi la kugawa umeme ndani ya mashine). Humo ndani kuna hesabu zote za duka.

Bisibisi_Nyota: Hizo ni kelele mbili, usizitafutie dawa moja. Ya asubuhi ni feni, inaweza kusubiri. Ya pili haisubiri. "Tak" inayoambatana na kuganda ni kichwa cha diski kinarudi mwanzo na kujaribu tena kusoma sehemu kiliyoshindwa. Nakili hesabu kwenye flashi sasa hivi, muziki na sinema baadaye. Ukimaliza, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, utupe namba za mistari ya 05, C5 na C7.

Mdau wa Pili: Piga chkdsk /r, ile amri ya Windows ya kukagua diski, usiku kucha, asubuhi itakuwa poa.

Bisibisi_Nyota: Hapana mkuu, si kabla ya kunakili. Hiyo amri inasoma diski nzima toka mwanzo mpaka mwisho, na diski inayokufa inaweza kuishia hapo hapo.

Mleta mada: Hesabu nimeshazihamisha. 05 inasoma 18, C5 inasoma 2A, C7 sifuri.

Volti12: Programu hiyo huandika kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), kwa hiyo 18 ni 24 na 2A ni 42. Maana yake sekta (vipande vidogo vya diski) 24 zimeshahamishiwa kwenye akiba, na nyingine 42 hazisomeki vizuri, zinasubiri kuamuliwa. C7 ndiyo hupanda kebo ya data ikiwa mbovu, na kwako ni sifuri, kwa hiyo kebo iache.

Pawa saplai dhaifu nayo huweza kuipigisha diski "tak", fundi hakuropoka. Lakini kwanza apime. Mashine ikiwa inafanya kazi, waya wa njano na mweusi unaokwenda kwenye diski usome kati ya volti 11.4 na 12.6; mwekundu na mweusi kati ya 4.75 na 5.25. Ikiwa ndani ya hapo, hela yako ipeleke kwenye SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya plagi ya SATA, GB 240, na Windows uipige upya. Pawa saplai yenyewe msiifungue: kapasita zake (vipande vinavyotunza umeme) hubaki na chaji hata ukichomoa waya wa ukutani.

Mleta mada: Nimewaelewa. Na ile ya asubuhi?

Bisibisi_Nyota: Mafuta ya bushi (pale mhimili wa feni unapozungukia) yamekauka, yakipata joto yanalainika, ndiyo maana inanyamaza. Zima, chomoa umeme, fungua ubavu. Kwanza angalia kama kuna waya unaogusa mapanga ya feni. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Kisha zungusha kila feni kwa kidole. Nzima huendelea kidogo na kusimama polepole, mbovu hukwama ghafla au hucheza ukiisukuma pembeni. Ukibaki na shaka, chomoa plagi ya feni ya kasha la mashine uwashe kidogo usikilize. Ya prosesa usiichomoe, hiyo isikilize kwa karatasi uliyoikunja kama bomba.

Tone moja la mafuta ya cherehani chini ya stika litakuvusha wiki kadhaa. Mafuta ya kupikia huganda, usijaribu. Ukienda kununua mpya nenda na ya zamani mkononi: pima upana kwa milimita na hesabu pini, 3 au 4.

Volti12: Na ukipuliza vumbi kwa blowa, shika mapanga yasizunguke. Upepo ule huyazungusha kupita kasi yake, na bushi iliyochoka ndiyo huisha kabisa.