Gumzo la ukoo: Zuhura yuko wodini

Mama Nasra: Assalaam aleykum wanaukoo. Ndo nimetoka wodini. Presha ya Zuhura asubuhi ilikuwa 160 kwa 110, sasa hivi 148 kwa 95. Mimba wiki 31. Daktari kasema harudi nyumbani mpaka ajifungue

Shangazi: Waaleykum salaam. Mwambie ajikaze, asilielie, kulia kunapandisha presha

Kaka Idi: Aache mawazo amwachie Mungu

Mama Nasra: Hapo hapo ndo nataka kusema jamani. Tangu jana hapokei simu, sio kwamba hana chaji. Kila anayepiga anamwambia usiwaze, akikata ndo anawaza zaidi, anajiona yeye ndo anamuua mtoto kwa machozi yake. Nesi akitokea tu na mashine ya presha moyo unamwenda mbio. Usiku halali anasikilizia kama mtoto anacheza, na wodi yenyewe ni ile ile aliyotokea mikono mitupu mwaka jana

Da Hawa: Shangazi shikamoo. Hii presha ya mimba haitoki kwenye kulia. Inaanzia kwenye kondo la nyuma na mishipa ya damu, hata mwenye raha zake inampata. Mimi nimefanya kazi leba, ile sindano ya magnesiamu ya kuzuia degedege inaunguza mwili mzima, bado za kukomaza mapafu ya mtoto, mtu yuko hivyo halafu asiogope? Aogope, ila awe na wa kumwambia

Shangazi: Marahaba. Ila sisi tulizaa na kurudi shambani, hiyo sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, hatukuijua

Da Hawa: Mlikuwa nayo shangazi, pa kuisemea ndo hamkuwa napo. Shirika la Afya Duniani linasema nchi kama zetu wajawazito karibu 16 kwa 100 wanapata shida ya afya ya akili, sanasana sonona, wakishajifungua wanafika karibu 20. Mama mkubwa wa Tanga si mlisema ana jini?

Shangazi: Nilimwogesha mimi. Alikuwa anatazama ukuta tu, mtoto analia pembeni hageuki

Shemeji Musa: Nawasoma. Nimepewa ruhusa kazini, alfajiri napanda basi kutoka Mtwara. Jana mke wangu kaniuliza ikibidi achaguliwe mmoja, yeye au mtoto, nitamchagua nani, nikamuuliza kama amekula

Da Hawa: Ukifika kaa naye umjibu shemeji, mwambie unamtaka yeye. Halafu mwombe daktari awaeleze wote wawili mpango ukoje, wakiona hatari watamzalisha mapema, na mtoto wa wiki hizo anaweza kupona akipata matunzo na kukumbatiwa kifuani ngozi kwa ngozi. Kichwa kikimgonga sana, akiona maruerue au akiumwa chini ya chembe ya moyo aite nesi palepale. Na akisema bora nife msimkemee, mwambieni daktari siku hiyo hiyo

Kaka Idi: Sawa dada. Nauli ya Musa natuma sasa hivi

Shangazi: Kesho saa ya kuona wagonjwa naenda mimi, Nasra anipitie. Nitakaa nimsikilize

Mama Nasra: Sawa shangazi, ila tusijazane, wawili wawili. Na wa kitanda cha pili kampoteza wa kwake leo, tukiingia tumpe pole kwanza, sauti tushushe