Mrejesho: fremu ya wavu katika picha za Dunga
Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini picha zangu za wavuvi wa Dunga, hapa Kisumu, zilionekana tupu ilhali Ziwa Victoria lenyewe linapendeza, nanyi mkanishauri nitafute kitu cha karibu na kamera cha kumzungushia mhusika kama fremu. Jumamosi asubuhi nilichuchumaa nyuma ya wavu ulioanikwa, nyuzi zake zikiwa bado zinadondosha maji, nikasubiri mpaka mvuvi mmoja alipoonekana katikati ya sehemu iliyochanika. Nilipima mwanga kwa kuelekeza kamera ziwani, si kwenye wavu, hivyo wavu ukatoka mweusi na jicho likaenda moja kwa moja kwa mvuvi. Kwa f/2.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, nyuzi zilififia mno. F/8, yaani tundu dogo zaidi, ilizirudishia umbo, na hapo ndipo nilipofurahi kweli. Matawi ya mti niliyojaribu baadaye yalivuruga picha, nikayaacha. Asanteni sana.