Msaada: nariampu gitaa kwa S/PDIF, napata tik tik halafu sauti inalia

solo_mwanza
Wakuu habari zenu, naombeni msaada, siku ya tatu hii nimekwama. Nina wimbo wa kwaya nimerekodi magitaa manne, solo mbili ridhimu mbili, yote kavu, yaani DI, gitaa moja kwa moja kwenye intafesi (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) bila ampu wala efekti. Mpiga solo ameshasafiri na mwalimu wa kwaya anasema solo imekauka mno, anataka ing'ae kama gitaa la sebene, iwe safi lakini na mwili. Nimeazima Helix ile kubwa ya kukanyaga (prosesa ya gitaa yenye ampu na efekti za dijitali), nikaona niziriampu, yaani nizitoe traki Reaper (programu ya kurekodia) ziingie Helix kwa kebo ya S/PDIF (ya sauti ya dijitali) zirudi hivyo hivyo, kila kitu kibaki dijitali.

Sasa nikipiga nasikia tik... tik tik... kila baada ya sekunde kadhaa, haina mpangilio. Halafu nikiwasha kurekodi kwenye traki ya kurudi sauti inapanda yenyewe mpaka inalia mwiiii, juzi nusura niue masikio maana nilikuwa na hedifoni. Na ile kidogo niliyofanikiwa kurekodi inachelewa kidogo nikiilinganisha na DI. Kompyuta ni Windows, projekti iko 48. Nakosea wapi?

fundi_wa_sauti
Pole mkuu. Hayo ni matatizo matatu tofauti, usiyachanganye.

Hiyo tik tik ni kloki. Ukiweka 48 maana yake sampuli elfu 48 kwa sekunde, sasa intafesi inahesabu zake na Helix inahesabu zake, na hakuna saa mbili duniani zinazokwenda sawasawa kabisa. Zikipishana kidogo tu sampuli moja inaruka au inarudiwa, hapo ndo unasikia tik. Ni kama wapiga ngoma wawili wamekaa vyumba tofauti, wote wameambiwa tempo ile ile, baada ya muda lazima wataachana. Dawa yake mmoja aongoze mwingine afuate. Fungua programu ya intafesi yako utafute sehemu ya kloki, itakuwa imewekwa ya ndani, ibadilishe iwe S/PDIF ili ifuate Helix, kisha kwenye Helix hakikisha kiwango cha dijitali ni 48 kama projekti. Ikishika, programu nyingi zinaonyesha taa au neno kwamba imefunga.

Huo mlio ni mzunguko. Traki yako ya kurudi inapokea kutoka Helix halafu inairudishia Helix, inazunguka humo humo inakua. Kwenye traki ya DI bonyeza Route, toa tiki ya kwenda Master, ongeza hadiweya autiputi ya S/PDIF kushoto peke yake, gitaa ni mono. Traki ya kurudi iende Master tu, na Master itoke spika tu, isiende S/PDIF hata kwa bahati mbaya. Halafu angalia na miksa ya intafesi yenyewe, nyingi zina miksa yake ndani ambayo inaweza kupeleka S/PDIF inayoingia kwenye S/PDIF inayotoka bila Reaper kujua chochote, mimi hapo ndo ilinipotezea wikiendi nzima.

Na tafadhali vua hedifoni mpaka uhakikishe. Masikio hayauzwi.

dada_besi
Aliyosema fundi ni kweli tupu ila mimi nina swali kwako solo_mwanza, hizo DI si zimesharekodiwa tayari? Sasa intafesi ya nini? Helix yenyewe ni intafesi. Chomoa hiyo nyingine, chomeka Helix kwa USB, weka draiva yake ya ASIO kwenye Reaper (ASIO ni aina ya draiva ya sauti ya Windows, inakubali kifaa kimoja kwa wakati mmoja), basi suala la kloki limekufa maana saa imebaki moja.

Traki ya DI itoe chaneli ya USB 3, usiipeleke USB 1/2, hiyo ni ya kusikilizia tu haipiti kwenye efekti. Kwenye Helix ile bloku ya mwanzo kabisa badala ya gitaa chagua USB 3/4. Traki ya kurudi ipokee USB 1/2 stirio. Chomeka hedifoni kwenye Helix, na uzime monita ya Reaper kwenye traki ya kurudi, la sivyo utasikia gitaa mara mbili.

Kitu kingine ambacho watu wanadharau, DI usiiguse. Fada ibaki sifuri, usiweke kompresa wala EQ, maana ampu inavyoitika inategemea nguvu ya gitaa inayoingia, ukishusha dB 6 umebadilisha sauti yote. Na kwa kuwa ulirekodi na intafesi nyingine, nguvu yake inaweza isilingane na gitaa likichomekwa Helix yenyewe, kwa hiyo chukua gitaa lolote la aina ile, piga live kwenye priseti (mpangilio wa sauti uliohifadhiwa) ile ile, sikiliza, kisha cheza DI, kama imelegea ongeza mpaka mkono ukubali kwamba ni gitaa.

solo_mwanza
Dah dada umenifungua macho, sikuwaza kabisa kwamba intafesi siihitaji. Nimefanya kama ulivyosema, tik tik imeisha na mlio hakuna. DI zilikuwa chini kweli, nimepandisha kama dB 5 hivi solo ikaanza kuuma vizuri. Imebaki kuchelewa, nikiweka na DI pamoja sauti inakuwa nyembamba kama inatoka kwenye bomba.

fundi_wa_sauti
Hiyo nyembamba ni fezi, zimepishana kidogo. Usikisie kwa jicho. Mwanzoni mwa DI kabla gitaa halijaanza bandika kliki moja fupi, iriampu pamoja na gitaa kwenye priseti tupu isiyo na dilei wala riveb, kisha zuumu mpaka uone sampuli moja moja, hesabu umbali wa kliki na kliki. Tuseme umepata 312, kwa 48 hiyo ni milisekunde 6.5, irudishe nyuma traki ya kurudi sampuli 312 kamili. Ukishapata namba yako itabaki ile ile mradi hujagusa bafa (kiasi cha sampuli ambazo kompyuta inakusanya kwa mara moja) wala kubadilisha kifaa. Reaper ina plagini inaitwa ReaInsert inapima yenyewe, ila ukirenda nayo lazima iwe kwa mwendo wa kawaida, siyo ule wa haraka, kwa sababu sauti inapita kwenye kifaa halisi.

mzee_wa_ampu
Naongezea kwa atakayetaka ampu ya kweli na maiki. Msichomeke autiputi ya laini ya intafesi moja kwa moja kwenye ampu, inakuja na nguvu kubwa kuliko gitaa na mara nyingi inaleta mvumo. Tafuta boksi la kuriampu, au DI boksi pasivu yenye transfoma ukiitumia kinyumenyume inafanya kazi vizuri tu. Mvumo ukibaki tumia swichi ya kukata graundi kwenye hilo boksi, waya wa ethi kwenye plagi ya ampu usiukate hata siku moja, huo ndo unakulinda na shoti.

solo_mwanza
Nimepata 287 kwangu. Nimerudisha na solo imekaa mahali pake. Kesho naanza ridhimu, namba nitaipima upya maana nimebadilisha bafa.